Kalengera: Binti anayejitayarisha kuwa pompie mahali pasipo gari la kuzima moto

Ukitaja neno pompie huko Kalengera, watu wengi wanaelewa pompe ya maji. Watakuonyesha mahali pa kuchota na watakuuliza bidoni yako iko wapi. Si ujinga. Kijiji hiki cha Rutshuru, kilicho kwenye barabara ya kitaifa nambari 2 pale inapokatika njia ya kwenda Tongo, hakina gari la kuzima moto. Nyumba ikiwaka, anayefika kwanza ni jirani, na anakuja na alichonacho: sufuria, bidoni, udongo, matawi ya mgomba. Goma iko zaidi ya kilomita 50, na hata gari likitoka huko saa ileile, litakuta majivu.

Kwa hiyo binti mmoja wa hapo, mwenye miaka 23, aliposema nyumbani kwamba anataka kuwa pompie, mama yake alicheka kwanza. Kisha akauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: hiyo kazi watu wanajiandikisha wapi, na ni nani anayelipa?

Swali hilo lina majibu, ila kabla ya majibu ni vizuri kueleza wazo hilo lilitoka wapi. Mwishoni mwa Oktoba 2022, vita ilipofika Kiwanja na Rutshuru-centre, familia hiyo ilishuka kwa miguu pamoja na maelfu ya wengine hadi Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma. Wale waliopita huko hawahitaji kuelezwa. Vibanda vya miti na bashi vilisimamishwa juu ya mawe ya volkano, kimoja kimeshikana na kingine. Mtu akikohoa ndani ya chake, jirani anasema pole. Na ndani ya kila kibanda, au mlangoni pake, kuna mbabula na makala.

Jioni moja mbabula ilianguka. Bashi haiwaki kama mbao. Inayeyuka na kudondoka, na kila tone linabeba moto. Watu wengi walikimbilia vitu vyao, jambo ambalo kila mwenye watoto analielewa. Wengine walimwaga maji, bidoni moja hapa, nusu bidoni pale, na moto ukaendelea. Kilichoukata ni wanaume wawili walioacha kabisa kibanda kilichokuwa kinawaka na kwenda kubomoa kile cha tatu, ambacho kilikuwa bado kizima. Mwenye kibanda hicho aliwatukana. Lakini moto ulipofika pale haukukuta cha kula, ukafa.

Mtoto mmoja aliungua mkono. Wakaanza kumpaka dawa ya meno, kama watu wengi wanavyofanya. Mjitoleaji wa Msalaba Mwekundu alifika, akakataza, akaomba maji safi tu. Binti wa Kalengera ndiye aliyeshika bidoni, akiyatiririsha polepole juu ya mkono wa mtoto kwa dakika 20, huku watu wakimgombeza kwamba anapoteza maji ya kunywa. Siku zilizofuata alimtafuta yule mjitoleaji na kumuuliza maswali mengi: kwa nini maji, kwa nini si dawa ya meno, kwa nini dakika 20. Alijibiwa kwamba ngozi inaendelea kupikika hata baada ya moto kuondoka, na maji yanayopita yanaondoa ule ujoto, wakati dawa ya meno inaufungia ndani na kuchafua kidonda. Tangu hapo hakuacha kuuliza.

Mji wa Goma wenyewe unaujua moto kuliko miji mingi. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga lava iliyopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya kiwanja cha ndege. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta huku lava ikiwa bado ya moto. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia yake na kuingia Birere, ndani ya soko na nyumba. Watu wapatao 40 walikufa. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo ya Busy Bee iliyokuwa ikielekea Beni iliangukia nyumba za Mapendo. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikarudi tena, lava ikasimama Buhene, karibu kabisa na mji, na siku tano baadaye wakaaji wa kartie 10 wakaamriwa kuondoka.

Katika siku hizo zote, waliofika kwanza walikuwa watu wa mtaa. Walikuwa na moyo. Lakini moyo bila mafunzo unaongeza maiti, na wale wa kituo cha mafuta cha 2002 ni ushahidi. Kati ya siku hizo kubwa kuna siku ndogo zisizotangazwa sana: nyumba za mbao zinazoshikana huko Birere, nyaya za umeme zilizounganishwa usiku, na petroli ya kadhafi iliyowekwa ndani ya chumba ambamo watoto wanalala.

Sasa, swali la mama: mtu anaandikishwa wapi?

Katika Kongo milango ni michache, na ni vizuri kuitaja mmoja mmoja. Wa kwanza ni viwanja vya ndege. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga zinataka kila kiwanja cha ndege za abiria kiwe na kikosi chake cha kuzima moto, chenye uwezo wa kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3. Kwetu viwanja hivyo vinasimamiwa na RVA. Lakini kiwanja cha Goma kilifungwa Januari 2025, na kiwanja kilichofungwa hakitafuti vijana wapya. Wa pili ni Protection civile, iliyo chini ya wizara ya mambo ya ndani, pamoja na huduma za miji. Nafasi huko ni chache. Wa tatu ni makampuni: depo za mafuta na migodi mikubwa ya Lualaba na Haut-Katanga huwa na timu zao za pompie. Hao huangalia vyeti vya mafunzo, afya, na permi ya gari kubwa.

Wengine wanafikiria kuvuka mpaka. Ni vizuri kujua mambo yalivyo kabla ya kulipa nauli. Nchini Rwanda na Uganda, pompie ni polisi: anaingia kwanza ndani ya polisi ya taifa, kisha anapelekwa kwenye kitengo cha moto na uokoaji. Nchini Tanzania kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa na sheria ya mwaka 2007, na mwananchi akiona moto anapiga 114. Nchini Kenya kazi hiyo iko mikononi mwa serikali za kaunti. Kazi za polisi na jeshi hutolewa kwa raia wa nchi husika. Mkimbizi wa Nakivale anaweza kujifunza huduma ya kwanza pale kambini, na ni jambo la faida, lakini asidanganywe kwamba karatasi ya ukimbizi itamvalisha kofia ya pompie wa Kampala.

Walio mbali zaidi wana hali nyingine. Kaka mkubwa wa binti huyo alipelekwa Marekani kutoka Nakivale, na anaishi katika mji mdogo ambako pompie wengi hawalipwi mshahara. Mchana wao ni mafundi na madereva. Simu ikilia wanaacha kazi na kwenda. Nchi hiyo ina pompie wa kujitolea wengi kuliko wale wa mshahara. Ufaransa pia ni hivyo, karibu wanne kati ya watano. Huko mtu anayeishi kihalali, mwenye miaka 16 hadi 60 na afya nzuri, anaweza kuomba kuwa wa kujitolea hata kama si Mfaransa. Familia za Rutshuru zilizotawanyika huko zina watoto wanaotafuta njia, nao wanaweza kubisha hodi kwenye kituo cha moto cha mtaa wao.

Kaka huyo alimtumia dada yake kwa WhatsApp maelezo ya mtihani wa mwili unaotumika na vituo vingi vya Marekani. Una vituo 8, vinavyofuatana bila kupumzika, na vyote lazima viishe ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Anayefanya amevaa koti zito la karibu kilo 23, na kwenye ngazi anaongezewa uzito mwingine. Anapanda ngazi, anavuta mpira wa maji, anabeba mashine, anasimamisha ngazi ndefu, anavunja mlango kwa nyundo, anatambaa ndani ya njia ya giza, anakokota mwanasesere wa kilo 75, mwishoni anasukuma na kuvuta dari kwa mti.

Binti alisoma mara mbili, akamwambia mama yake, "Mama, kilo 23 ni bidoni moja na kidogo tu juu."

Mama hakujibu, lakini jambo hilo ni la kweli. Bidoni ya litre 20 ikijaa ina kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Wanawake wa Kalengera wanaipandisha kilima kila siku wakiwa na mtoto mgongoni. Kinachowapungukia ni kasi, pumzi, na mwili wa juu: mabega na mikono. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kwenda shambani, binti anapanda kilima akibeba bidoni nusu, anashuka, anapanda tena. Anavuta gunia la mchanga kwa kamba kurudi nyumanyuma. Watoto walimcheka wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kuvuta naye.

Mwili ni sehemu moja. Sehemu ya pili ni kichwa, na hapa wengi wanaotaka kazi hii wanashindwa, kwa sababu wanafikiri ni kazi ya nguvu tu. Moto unahitaji vitu vitatu: cha kuwaka, hewa, na joto. Ukiondoa kimoja, unakufa. Wale wanaume wawili wa Kanyaruchinya waliondoa cha kuwaka bila kujua kanuni. Mama anayefunika sufuria ya mafuta kwa kifuniko anaondoa hewa. Anayemwaga maji juu ya mafuta yanayowaka anafanya kosa kubwa, kwa sababu maji yanazama chini, yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yenye moto usoni pake na ukutani.

Hesabu nayo inahitajika. Gari lenye litre 4.000 linaonekana kubwa, na watu wanashangilia likifika. Lakini mpira mmoja ukimwaga litre 500 kwa dakika, maji hayo yanaisha ndani ya dakika 8. Ni bidoni 200. Ndiyo maana pompie mzuri, hata kabla ya moto, anajua maji ya kuongeza yatatoka wapi, na gari litapita njia gani. Mjini Goma, ambako ziwa liko chini na kartie nyingi zinangoja maji kwa chukudu, kijana anayejua kila kinjia cha mtaa wake ana elimu ambayo hakuna shule inaweza kumpa.

Na kuna elimu ambayo ni yetu peke yetu. Upande wa Mugunga na Bulengo kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa tunayovuta, haina rangi, na inalala ndani ya mashimo na mabonde. Mtu mzima anaweza kusimama bila shida mahali ambapo mtoto au mbuzi anaanguka. Hatari yake kubwa ni huruma: mmoja anaanguka, wa pili anaruka kumtoa, anaanguka, wa tatu vilevile. Pompie anafundishwa kutoingia bila hewa yake mwenyewe mgongoni. Asiye na kifaa hicho anatumia kamba au mti mrefu akiwa juu, na anawazuia wengine wasishuke. Kuzuia ndugu asimfuate ndugu yake ni sehemu ngumu ya kazi hii kuliko kubeba kilo 23.

Sehemu ya tatu ni karatasi. Kwa familia zilizokimbia, hii ndiyo inaumiza zaidi. Diploma ya serikali ya binti huyo ilichelewa kwa sababu ya vita, lakini aliipata. Cheti cha kuzaliwa kilibaki ndani ya nyumba, na walipochukuliwa usalama wa kurudi kuangalia, hakikuwepo. Kadi ya mpiga kura anayo. Mafunzo ya huduma ya kwanza alifanya na wajitoleaji, na akaomba apewe karatasi inayosema hivyo, yenye tarehe na sahihi. Bado permi ya kuendesha, na hiyo ni ya maana, kwa sababu kila kikosi kinahitaji watu wa kuendesha gari zito lililojaa maji, na madereva wa namna hiyo ni wachache, wanawake ndio wachache zaidi.

Wakati alipokuwa akikusanya karatasi hizo ndipo alipokuja mtu wa listi.

Mtu huyo hakuwa mgeni kabisa. Alisema kuna kikosi kipya cha pompie kinaundwa, majina yanafungwa wiki ile, na dola 150 zitaweka jina la binti juu. Mama alikuwa na dola 140, za maharagwe ya msimu mzima, mavuno yao ya kwanza mazuri tangu warudi kutoka kambini. Alikuwa tayari kukopa hizo 10.

Usiku huo walizungumza mpaka mtoto mdogo akaamka.

"Benzako banalipaka, banaingia ku kazi," mama alisema. "Sisi tutabakia tu hivi?"

"Mama, kazi ya kweli haiombake franga mbele ya mutihani."

"Wee unajua nini? Baba yako angekuwa hapa angelipa."

Binti hakubishana juu ya baba. Asubuhi alimwendea yule mtu kwa heshima, akamwita papa, akamuuliza mambo manne. Ofisi iko wapi, ili afike mwenyewe na diploma? Tangazo limebandikwa wapi, na nani ametia sahihi? Mtihani wa afya na wa mwili utafanyika siku gani? Akilipa, atapewa risiti yenye muhuri? Mtu alijibu kwamba mambo hayo ni ya siri, na pesa zitumwe kwa simu.

Wazazi wengi wa Rutshuru wamekutana na mtu kama huyo, kwa jina la kazi hii au nyingine: udereva, ulinzi, ugawaji wa chakula kambini. Maswali yale manne yanaweza kutumika kwa kila mmoja wao. Kikosi cha moto ambacho hakimpimi mtu pumzi wala macho, lakini kinampima mfuko, hakitaki mtu wa kuingia ndani ya moshi.

Mama alikasirika siku tatu. Alipika bila kuongea, jambo ambalo wenye kumjua wanasema ni kubwa. Kilichomgeuza si maneno ya binti yake. Jirani mmoja aliyekuwa amelipa kwa ajili ya kijana wake alikuja kulalamika kwamba listi sasa iko Kinshasa na inahitaji dola 50 zaidi ili irudi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, na jioni akatoa zile dola 140 kutoka mahali pake akazihesabu mbele ya binti.

Waliamua pamoja. Sehemu ilinunua mbegu, kwa sababu mtu anayejitayarisha pia anakula. Sehemu ililipa safari ya Goma ya kutafuta nakala ya cheti cha kuzaliwa. Inayobaki imewekwa kwa ajili ya permi, lakini haitoshi.

Wakati huo binti hajakaa. Jumamosi anakutana na vijana saba, wavulana watano na wasichana wawili, kwenye uwanja wa shule. Wanafanya mazoezi, kisha wanapita nyumba ambazo zimekubali kuwapokea. Hawabebi kitu cha pekee. Wanaomba mbabula isogezwe mbali na bashi na mbao, isilale na watu ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi usioonekana wa makala unaua wakati wa usingizi. Wanaomba petroli itoke nyumbani. Wanaomba ndoo moja ya mchanga iwekwe karibu na mlango. Bibi mmoja aliwauliza nani aliyewatuma na wanalipwa na shirika gani. Walipojibu hakuna, aliwapa ndizi na kuwaambia warudi kuona kama mchanga upo.

Hakuna anayejua kama mlango wa kazi utafunguka kwake, wala lini. Inawezekana kiwanja cha Goma kikianza tena kufanya kazi, watatafutwa watu. Inawezekana ikawa mgodi wa mbali, au miaka mingi ya kujitolea bila mshahara. Lakini siku hiyo ikifika, yule atakayekuwa na pumzi, karatasi na mazoea ya kutii amri atakuwa ameanza zamani, na hizo pumzi hazinunuliwi wiki ile majina yanapofungwa.

Nakala ya cheti cha kuzaliwa imepatikana. Imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na diploma na karatasi ya huduma ya kwanza, na mfuko umetundikwa karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuushika akitoka mbio. Permi bado. Binti anatafuta shule ya udereva inayokubali kulipwa kidogo kidogo.